Kamanyola: stesheni iliyokufa chini ya mlima

KATIKA mji wetu wa Gisenyi, ukimwambia kijana wa pikipiki akupeleke stesheni, hatakuuliza mara ya pili. Atakufikisha kwenye pampu za petroli. Hana kosa. Rwanda haijawahi kuwa na reli, na mtu aliyezaliwa na kukulia hapa ameijua treni kwa picha au kwa simulizi za waliorudi kutoka nchi jirani.

Hao waliorudi ndio wenye simulizi. Aliyekulia Uganda atakueleza habari za treni ya Kasese. Aliyekulia Tabora au Kigoma atakueleza mabehewa ya daraja la tatu, kuku chini ya viti na mihogo ya kuchemsha inayouzwa dirishani. Sisi tuliokulia upande wa Bukavu na Uvira tuna simulizi nyingine. Tulikulia jirani na stesheni ambayo treni yake ilikufa kabla hatujazaliwa. Stesheni hiyo ni Kamanyola.

Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua Kamanyola vizuri. Ni pale ambapo Kongo, Rwanda na Burundi zinakaribiana kiasi kwamba jogoo wa nchi moja husikika katika nchi nyingine. Ukitoka Bugarama, wilayani Rusizi, unavuka mto Ruzizi na umefika. Nikiwa mtoto nilipita hapo mara nyingi, nimekaa juu ya magunia kwenye kamyo iliyotoka Uvira. Wakubwa walituambia kuwa zamani gari la moshi lilifika hapa. Sisi watoto tulicheka. Tuliona soko, tuliona vumbi, tuliona akina mama wauza samaki na mchele. Lakini treni? Treni ya kwenda wapi, wakati mbele yetu mlima umesimama kama ukuta?

Swali hilo la kitoto ndilo makala haya yanataka kulijibu. Reli ile ilijengwa kwa ajili ya mizigo ya Ziwa Kivu, na Gisenyi ni bandari mojawapo ya ziwa hilo. Sababu zilizoiua zinamhusu kila mtu anayepakia na kupakua bidhaa mpakani leo, hasa wakati huu ambapo habari za treni mpya zinasikika tena katika ukanda wetu.

Njia ya kutoka baharini

Tuanze na ramani. Ziwa Kivu liko juu, takriban mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko chini, takriban mita 770. Kati yake unapita mto Ruzizi, ambao hauzidi kilomita 120 au hapo karibu, ukishuka karibu mita 700 kutoka ziwa moja hadi jingine. Bidhaa yoyote iliyotoka Bahari ya Hindi kwa kupitia Kigoma ilipaswa kuupanda mteremko huo ili ifike Bukavu, Goma au Gisenyi.

Wajerumani ndio waliotangulia kuileta treni karibu nasi. Reli yao ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Mwaka huohuo bunge la Ujerumani lilikubali kutoa fedha za tawi jingine kutoka Tabora hadi pale mto Kagera unapopinda, mlangoni mwa Rwanda. Kazi ilianza upande wa Tabora. Agosti 1914 vita vikazuka, na reli ya Rwanda ikaishia hapo. Baadaye, mwaka 1928, Waingereza walikamilisha reli ya Tabora hadi Mwanza, lakini hawakuwa na haraka ya kuipeleka katika nchi iliyokuwa mikononi mwa Wabelgiji.

Wabelgiji nao walikuwa na hesabu zao. Walikuwa na Kongo, na baada ya vita wakapewa Ruanda-Urundi. Upande wa Kongo walikuwa tayari wamejenga reli kutoka Kabalo hadi Albertville, mji tunaouita leo Kalemie, iliyofika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Kwa upande wa Tanganyika ya Waingereza, mkataba wa mwaka 1921 uliwapa maeneo yao wenyewe katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yalijulikana kama Belbase. Kwa hiyo ziwa lile likawa njia panda: mizigo ya Bahari ya Hindi inaingia Kigoma, mizigo ya magharibi inaingia Albertville, na meli zinaipeleka kaskazini hadi Usumbura na Uvira.

Palibaki kipande kimoja tu: kutoka Uvira hadi Ziwa Kivu. Juu huko, katika milima ya Kivu, walowezi walikuwa wakichukua mashamba na kupanda kahawa. Bukavu, wakati huo ukiitwa Costermansville, ulikuwa ukijengwa. Saruji, mabati, chumvi, nguo na petroli vilihitajika, na mazao ya mashambani yalihitaji njia ya kushuka. Hapo ndipo ilipozaliwa Reli ya Kivu, iliyojulikana kwa kifupi cha Kifaransa kama CEFAKI.

Kilomita tisini na ushee

Reli hiyo ilianza kutumika mwaka 1931. Ilitoka Uvira, kwenye bandari ya Kalundu, ikapita bonde la Ruzizi upande wa Kongo kuelekea kaskazini, na baada ya kilomita 90 na ushee ikafika Kamanyola. Ikasimama.

Anayeijua barabara ya leo ya Uvira, Sange na Luvungi anaweza kuona kwa nini wahandisi walilipenda bonde hilo. Ni tambarare. Jua ni kali, udongo ni mzuri, pamba ilistawi, na baadaye pale Kiliba kulijengwa kiwanda cha sukari. Reli inapenda nchi ya namna hiyo. Huhitaji kutoboa mlima wala kujenga madaraja marefu kila baada ya hatua chache.

Lakini ukifika Kamanyola bonde limekwisha. Kutoka hapo hadi Bukavu hakuna hata kilomita 60 kwa barabara, ila ndimo umejaa karibu mpando wote. Mto Ruzizi unashuka kwa kishindo ndani ya makorongo, na barabara inajipinda kwenye miteremko ya Ngomo, ambako hadi leo dereva mgeni husali kabla ya kuingia. Nguvu ileile ya maji iliyoikwamisha treni ndiyo inayotupa umeme, kwani mitambo ya Ruzizi I na Ruzizi II imejengwa humohumo.

Treni si mbuzi. Gari la moshi la kawaida, likipanda zaidi ya mita mbili au tatu kwa kila mita mia moja za mwendo, linachoka, na magurudumu ya chuma yanaanza kuteleza juu ya chuma. Ili lipande kutoka Kamanyola hadi Bukavu, ingebidi reli izungukezunguke milimani, na kila mzunguko ni madaraja, mahandaki na fedha.

Hata hivyo tusidhani kwamba mlima peke yake ndio uliozuia. Reli ya Uganda, iliyotoka Mombasa, ilishuka na kupanda Bonde la Ufa, na njia yake ya kwenda Uganda inapita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, karibu mara mbili ya kimo cha Ziwa Kivu. Mlima hupandwa pakiwa na mzigo wa kulipia gharama ya kuupanda. Kivu ya 1931 haikuwa na mzigo huo. Mashamba yalikuwa machanga, miji ilikuwa midogo, na dunia nzima ilikuwa katika mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929, bei za mazao zikianguka. Mpango wa kuifikisha reli Bukavu ukabaki mpango. Stesheni ya Kamanyola, iliyotakiwa kuwa kituo cha njiani, ikageuka kuwa mwisho wa safari.

Gunia moja, mikono sita

Sasa nawaomba wafanyabiashara wenzangu tufanye hesabu ambayo nadhani kila mmoja wetu anaifanya kichwani akiwa mpakani. Tuchukue gunia moja la chumvi lililokuja kwa meli hadi Dar es Salaam katika miaka ya 1930, likielekea Gisenyi kwa njia hiyo.

Dar es Salaam linashushwa kutoka melini na kupakiwa kwenye treni. Huo ni mkono wa kwanza. Kigoma linatolewa kwenye treni na kuingizwa katika meli ya ziwani, mkono wa pili. Kalundu linatolewa melini na kupakiwa kwenye treni ya Kivu, mkono wa tatu. Kamanyola, baada ya mwendo usiofika hata kilomita 100, linashushwa tena na kupandishwa kwenye kamyo, mkono wa nne. Bukavu linatolewa kwenye kamyo na kuingizwa katika boti ya Ziwa Kivu, mkono wa tano. Gisenyi linashushwa pwani na kupelekwa ghalani, mkono wa sita.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika ramani za ofisini njia ile ilionekana nyepesi: mstari mweusi, kisha ziwa, kisha mstari mweusi mwingine. Lakini kila mahali mistari ilipokutana kulikuwa na mtu anayebeba. Kila mkono una ujira wake. Kila mkono una ghala lake, karani wake, siku zake za kusubiri chombo kinachofuata. Kila mkono una gunia lililochanika, pipa lililovuja, boksi lililopotea. Mwenye mali analipa yote hayo, na mwishowe mnunuzi wa Gisenyi ndiye anayeyalipa katika bei ya chumvi.

Katika mnyororo huo, kipande kilichokuwa dhaifu kuliko vyote ni kile cha Kalundu hadi Kamanyola. Treni hushinda kwa safari ndefu. Ikibeba mzigo mzito kilomita 1,000, gharama za kupakia na kupakua zinamezwa na urefu wa njia. Ikiubeba chini ya kilomita 100, nusu ya kazi imekwisha katika kupakia na kupakua, na faida ya mwendo haionekani. Tena kwa mzigo wa Bukavu ilikuwa lazima kamyo iwepo Kamanyola kusubiri. Sasa kamyo inayoweza kupanda miteremko ya Ngomo inashindwaje kuteremka hadi Uvira, katika nchi tambarare, na kuchukua mzigo wenyewe?

Mshindani aliyezaliwa mwaka mmoja

Kuna jambo jingine ambalo huwa linanifanya nitikise kichwa. Mwaka uleule wa 1931 treni ilipofika Kamanyola, treni nyingine, ile ya kutoka Mombasa, ilifika Kampala.

Kwa mtu wa Gisenyi tofauti ilikuwa kubwa. Mzigo uliotua Mombasa ulipanda treni mara moja, ukasafiri moja kwa moja hadi Kampala, ukashushwa hapo na kupakiwa kwenye kamyo iliyopita Kabale na Ruhengeri hadi Gisenyi. Hakuna ziwa la kuvuka, hakuna treni ya pili, hakuna boti. Badala ya mikono sita unahesabu mitatu: Mombasa, Kampala, Gisenyi. Barabara ilikuwa ndefu na mbovu wakati wa mvua, lakini mzigo ulipopakiwa Kampala haukuguswa tena hadi mwisho.

Hapo ndipo kituo kidogo cha Kamanyola kilipokuwa na mtihani usio wa kwake. Hata kama reli yake ingefanya kazi bila kuchelewa siku moja, bado kaskazini mwa Ziwa Kivu palikuwa na mlango mwingine. Wazee wa biashara wa mji huu walijifunza mapema kutazama upande wa Uganda, na tabia hiyo imebaki. Leo pia kontena linalokwenda Goma kupitia kwetu huenda limetoka Mombasa au limetoka Dar es Salaam kwa Rusumo, lakini ni nadra kusikia limetoka Kigoma.

Kamyo zenyewe nazo hazikulala. Zile za miaka ya 1930 zilibeba tani chache tu. Baada ya vita vya pili vya dunia zilikuja kubwa zaidi, zenye injini za dizeli, na barabara zikapanuliwa. Kila kamyo ilipoongezewa tani, reli fupi ilipunguziwa sababu ya kuwepo. Mwaka 1958 Reli ya Kivu ilifungwa. Ilikuwa imeishi miaka 27. Miaka miwili baadaye Kongo ikapata uhuru, na minne baadaye Rwanda na Burundi zikafuata, reli ile ikiwa tayari ni habari ya zamani.

Jina likabaki kwa vita

Ajabu ni kwamba jina la Kamanyola lilikuwa kubwa zaidi baada ya treni kuondoka. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba uliouteka Uvira, jeshi la Kongo lilipigana hapo, na Mobutu, wakati huo mkuu wa jeshi, alikuwepo. Alipokuwa rais alilifanya jina hilo kuwa la ushindi. Kikosi maalumu cha jeshi kiliitwa Kamanyola. Meli yake ya kifahari iliitwa Kamanyola. Uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, uliofunguliwa mwaka 1994 na kuitwa sasa uwanja wa Mashahidi, ulianza kwa jina la Kamanyola.

Kwa hiyo Mkongo wa Kinshasa ambaye hajawahi kufika Kivu alilijua jina hilo, lakini hakujua kuwa lilikuwa jina la kituo cha treni. Na sisi wa huku tulioishi karibu tulilisikia likiimbwa katika gwaride kabla ya kujua kwamba mahali penyewe paliwahi kuwa na karani wa tiketi.

Vita havikuishia 1964. Mwaka 1996 vilipita bonde la Ruzizi, na Februari 2025 vilifika Kamanyola tena. Mfanyabiashara anajua maana yake. Barabara ikifungwa, kamyo inageuza njia, inapita Bugarama na Rusizi kwenye lami ya Rwanda na kuingia Bukavu kwa upande mwingine. Reli haigeuzi njia. Mwenye kuijenga anahitaji amani katika kila kilomita yake, maana daraja moja likivunjwa, kilomita zote zilizobaki ni vyuma tu. Tusisahau hilo tunapozungumzia treni katika eneo la maziwa makuu.

Kuna kitu kimoja pale mpakani ambacho kila nikikiona nakumbuka reli. Upande wa Rwanda, Bugarama, kuna kiwanda cha saruji cha Cimerwa, kilichoanza kazi katika miaka ya 1980, na kuzunguka kuna mashamba makubwa ya mpunga. Saruji na mchele ni mizigo mizito, ya wingi, isiyooza upesi. Ndiyo mizigo ambayo treni ingeipenda. Lakini treni ilikuwa imekwisha kuondoka zaidi ya miaka ishirini kabla ya kiwanda kuanza. Mfuko wa saruji wa Bugarama unapandishwa kwenye lori, unakwenda Bukavu kwa lori, unakuja Rubavu kwa lori kwa barabara ya kando ya ziwa, na unaingia Goma kwa lori. Reli ilikuja kabla ya mzigo wake, na mzigo ulipokuja reli haikuwepo.

Treni mpya na swali la zamani

Sasa tuje kwenye mambo ya leo. Tanzania imejenga reli ya kisasa inayotumia umeme. Abiria walianza kupanda treni hiyo kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Ujenzi unaelekea Tabora, Isaka na Mwanza. Mwaka 2018 Rwanda na Tanzania zilikubaliana kujenga reli kutoka Isaka hadi Kigali. Burundi nayo iko katika mradi wa reli kutoka Uvinza hadi Musongati, kwa nia ya kuelekea Kongo. Huko Kenya, reli mpya ilitoka Mombasa ikafika Nairobi mwaka 2017 na Naivasha mwaka 2019.

Mimi ni mtu wa kufurahia treni. Lakini mtoto wa Kamanyola akisikia habari hizo, swali lake la kwanza si mwendo kasi wala rangi ya mabehewa. Anauliza: inaishia wapi, na hapo inapoishia nani anasubiri?

Naivasha ni mfano ulio wazi. Reli iliishia hapo, na kontena linalokwenda Uganda au kwetu linahamishiwa kwenye reli ya zamani au kwenye lori. Isaka ni mfano mwingine. Kwa miaka mingi imekuwa bandari kavu ambako mzigo wa Rwanda unashuka kwenye treni na kupanda lori la kwenda Rusumo. Vituo hivyo havifanani na Kamanyola kwa kila kitu, maana mzigo wake umekwisha kusafiri mamia ya kilomita kwa reli kabla ya kushushwa, na treni imepata nafasi ya kushinda. Lakini kanuni ni ileile. Pale mstari unapokatika, gharama inaanza.

Hata reli ikifika Kigali, kutoka Kigali hadi Gisenyi ni zaidi ya kilomita 150 za milima kwa barabara. Mzigo wa Goma utashushwa Kigali, utapanda lori, utafika hapa. Na hapa tunajua kinachofuata. Lori linashusha. Mizigo inagawanywa. Inavuka kwa vichwa vya akina mama, kwa baiskeli za magurudumu matatu za ndugu zetu walemavu, kisha upande wa pili inapokelewa na chukudu na kupakiwa tena. Mpaka wetu wa Petite Barrière una kazi ileile iliyofanyika Kamanyola mwaka 1931: kuhamisha mzigo kutoka chombo kimoja hadi kingine, kwa mikono.

Nisieleweke vibaya. Mikono hiyo inalisha familia. Mama anayevusha ndoo ya nyanya na fundo la mboga analipa ada ya shule kwa kazi hiyo, na mchukuzi wa Kamanyola wa zamani bila shaka alifanya vivyo hivyo. Reli ilipofungwa, kamyo zilipita Kamanyola bila kusimama kushusha, na ujira ule ukakauka. Kwa hiyo tunapotetea kupunguza mikono katika safari ya mzigo, ni lazima tuulize pia mikono hiyo itakwenda wapi. Anayekaa mpakani akiishi kwa kubeba ana haki ya kuambiwa mapema, si kuamka siku moja na kukuta mizigo inampita.

Mwishoni mwa 2024 bandari mpya ya Rubavu ilifunguliwa kule Nyamyumba. Ni habari njema, maana Ziwa Kivu ni barabara isiyohitaji lami wala haina Ngomo. Boti inaweza kubeba saruji kutoka Rusizi na kurudi na vinywaji vya kiwanda cha bia cha hapa Gisenyi, ambacho nacho kimesimama kando ya ziwa tangu miaka ya 1950. Lakini bandari nayo ni mahali pa kushusha na kupakia. Itafaa ikiwa boti zinafuata ratiba, ikiwa ghala liko karibu, ikiwa makaratasi ya forodha yanamalizika siku hiyohiyo, na ikiwa bei ya kubeba kutoka gatini hadi sokoni haimezi kilichookolewa majini. La sivyo mfanyabiashara atafanya alichofanya mwenzake wa 1958: atakodi lori, apite zake.

Kwa hiyo, msomaji, siku viongozi au wahandisi watakapokuja kutueleza mradi wa reli, bandari au soko la mpakani, tusiishie kupiga makofi. Tuwe na maswali matatu mkononi. Mzigo wangu utashushwa mara ngapi kabla haujafika kwa mnunuzi? Kila ukishushwa, utalala siku ngapi na utalipiwa kiasi gani? Na mradi ukiishia hapa kwa sababu fedha zimekwisha, je, kipande kilichokamilika kitaweza kuishi chenyewe?

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Wajenzi wa Reli ya Kivu wangejiuliza hilo kwa dhati kabla ya kufika Kamanyola, labda wangetafuta fedha za kuupanda mlima, au wangeweka fedha zao katika barabara tangu mwanzo. Waliacha jibu litolewe na kamyo, na kamyo zilihitaji miaka 27 tu.